Ukuta Ulionuka Asali Chachu

Harufu ya kwanza ninayoikumbuka si ya maziwa wala ya udi wa mama yangu. Ni harufu ya ukuta. Chumba chetu cha nyuma, huko Kawempe pembezoni mwa mji, kilikuwa cha udongo na fito, na jua la mchana lilipokipiga, ukuta wake ulinuka ukwaju uliolowekwa, utomvu wa mti uliokatwa jana, na nyuma ya hayo utamu mzito kama wa ndizi iliyoiva kupita kiasi. Mgeni akilala chumba kile, asubuhi aliuliza ni kitu gani kinachochacha humu ndani. Sisi wenyeji hatukuisikia tena, mpaka mtu aje atukumbushe. Ndani ya ukuta ule waliishi nyuki wadogo, weusi, wasio na mwiba, ambao mtu asiyewajua angewadhania ni visubi. Kwa nje walikuwa wamejenga mrija wa nta, mwembamba kama kidole cha mtoto mchanga, na huo ndio uliokuwa mlango wao. Asubuhi walitoka humo mmoja mmoja, na jioni walirudi wakiwa wamebeba utomvu miguuni. Hawakuuma. Wakikasirika waliingia kwenye nywele, masikioni, pembeni mwa macho, wakatambaa humo kwa ukaidi mpaka mtu mzima anakimbia akijipiga makofi mwenyewe.

Baba yangu, dereva wa lori, ndiye aliyekata kijidirisha upande wa ndani wa ukuta huo, akakiziba kwa kipande cha ubao wa sanduku la sabuni. Mama alikifungua mara chache, baada ya mvua kwisha na miti kuchanua. Nyuki hawa hawana masega kama wale wakubwa. Asali yao huiweka katika vijungu vya nta vyeusi, vya ukubwa wa njugu mawe, vilivyoshikana kama kichala. Mama alivitoboa kwa kijiti, akakinga kikombe cha bati, kisha akarudisha ubao na kuziba kingo kwa udongo uliochanganywa na majivu. Alikuwa na sheria moja. Mkono usizame ndani kupita kifundo cha kidole gumba. Zaidi ya hapo, alisema, ni chakula cha watoto wao, na mwenye kula chakula cha mtoto wa mwenzake hashibi. Asali iliyotoka ilikuwa nyepesi kama chai, yenye ukakasi wa ndimu, na ukiilamba ulimi ulishtuka kabla ya kufurahi. Waswahili husema mchovya asali hachovyi mara moja. Hii uliichovya mara moja, ukakunja uso, ukafikiri, ndipo ukarudia. Mama aliiweka katika chupa juu ya kabati, akatupa kijiko tukikohoa au tukiwa na vidonda vya mdomoni. Hatukuambiwa ni dawa ya nini hasa. Ilikuwa dawa, basi.

Vita vya nchini kwetu vilikwisha, redio ikasema vimekwisha, na watu wakaanza kupaka nyumba zao chokaa. Nyumbani kwetu mwisho wa vita haukuleta kitu. Baba alikuwa ameondoka na lori kabla ya siku zile za mwisho, na hatukupata hata mtu wa kutuambia amezikwa wapi. Mama alingoja, kisha akaugua kifuani, kisha akaacha kungoja. Alipozikwa nilikuwa msichana wa darasa la sita, mwenye mwandiko mzuri. Nyuma yangu alikuwepo mdogo wangu Khamisi, ambaye kila msimu wa mvua alikohoa kama mzee, na nyuma yake Zainabu, kitinda mimba, aliyekuwa bado akilala akiwa ameshika sikio la mtu. Sikurudi shule. Hakuna aliyenikataza. Asubuhi moja nilikuwa nikikoroga uji, nikawasikia wenzangu wakipita njiani wakiimba jedwali la kuzidisha, nikaendelea kukoroga. Yatima hadeki, husema watu, na kweli hakuna aliyekuwepo wa kumdekea.

Ndipo akaja Shangazi Mastura kutoka Bombo, dada wa baba, mjane, mrefu, mkimya, mwenye vidole vilivyojaa alama za ukindu. Wanawake wengi wa kwetu, sisi wa uzao wa wale askari walioletwa kutoka Sudani enzi za wakoloni, husuka kawa, vile vifuniko vya chakula vyenye rangi nyekundu, zambarau na kijani. Shangazi aliishi kwa kusuka. Aliweka mkeka wake chini ya ukuta wa nyuki kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa na mwanga, akanikalisha pembeni, akanifundisha. Hakuwa mkali. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hana nguvu ya kusema jambo mara mbili. Alisali sala zake zote kwa wakati, akafunga hata siku zisizo za lazima, na jambo moja hakulivumilia, nalo lilikuwa pombe. Ndiyo iliyomuua mumewe. Jirani yetu wa nyuma, Mganda tuliyemwita Nnalongo kwa kuwa alizaa mapacha, alipika tonto, pombe ya ndizi, na upepo ukigeuka harufu yake iliingia uani kwetu. Shangazi alifunga madirisha. Nnalongo aliyaona yakifungwa na kupaza sauti kutoka upande wa pili wa ua: “Hajati, fungua tu! Harufu hapana kulewesha mutu. Kama ingelewesha, mimi ningekuwa nauza upepo!”

Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa. Bati moja la paa la jiko lilianguka, na Zainabu, akikimbilia ndani, alichanwa nalo kwenye muundi wa mguu wa kulia. Halikuwa jeraha la kutisha. Tuliliosha, tukalifunga, tukalisahau. Lakini halikupona. Lilipanuka, likachimbika, kingo zake zikawa za kijivu, na likaanza kunuka ile harufu ambayo mtu akiisikia mara moja haisahau. Ni kidonda kile watu wanachokiita donda ndugu, kwa sababu kikishaingia huishi na wewe kama jamaa. Nilimbeba mgongoni mpaka hospitali. Siku zile hospitali ilikuwa majengo na watu wema wasio na kitu mikononi. Muuguzi, mama wa makamo aliyekuwa amefunga sweta juu ya sare yake, alikiosha kidonda kwa maji ya chumvi, polepole, huku Zainabu akiniuma bega. Akasema dawa zimekwisha, labda zingekuja, labda zisingekuja. Kisha akanisogeza kando, akaniambia kama anavyoambiwa mtu mzima: “Angalia hapa, binti. Bado ni nyama. Siku ukiona kitu cheupe humo ndani, huo ni mfupa. Ukimletea daktari mfupa uliooza, ataukata mguu ili mtoto abaki. Kila siku uangalie.” Nikarudi nyumbani na mzigo ule mgongoni, nikiwa nimekwisha kujua kazi yangu ya mwaka ule. Kuangalia kitu cheupe.

Sikuwa na ujuzi wowote. Nilichokuwa nacho ni chupa ya mama juu ya kabati, iliyobaki na asali kiasi cha vidole vichache. Mama aliwahi kunipaka ile asali mdomoni nilipokuwa na vidonda, nami nikawaza kwamba kidonda ni kidonda. Nilichemsha vitambaa vya leso yake kuukuu, nikavianika juani, nikalowesha kimoja kwa asali, nikakilaza juu ya muundi wa Zainabu. Aliruka, akapiga kelele, kwa kuwa inawasha kama ndimu. “Dada, inauma! Ulisema hawa hawaumi!” Nikamwambia nyuki hawaumi, asali yao ndiyo inayouma kidogo, kwa niaba yao. Alilia akicheka. Nilikibadilisha kitambaa kila siku baada ya alfajiri, Shangazi alipokuwa bado juu ya mswala wake. Kwanza iliondoka harufu. Nakumbuka nilinusa mara mbili tatu, nikidhani ni pua yangu imeharibika. Kisha usaha ukapungua, na chini yake ikaanza kuonekana nyama nyekundu, yenye vipunje vipunje, kama ndani ya tini la mwituni. Sikumwambia mtu. Niliogopa kwamba nikisema kwa sauti itageuka.

Chupa ilikwisha. Nikafungua kijidirisha cha baba, nikakinga asali mpya kwa kijiti na kikombe, nikiheshimu kifundo cha kidole gumba, nikaijaza chupa, nikaiziba kwa kizibo cha gunzi la mahindi. Mvua ilikuwa imenyesha sana na asali ilikuwa nyepesi kuliko kawaida, karibu na maji. Siku chache baadaye, tukiwa tumekaa kwenye mkeka tukisuka, chupa ilipiga mlio juu ya kabati kama mtu aliyepiga kofi. Gunzi likagonga dari. Povu likatoka mdomoni mwa chupa, likashuka kwenye mlango wa kabati, na chumba kizima kikanuka. Shangazi aliinua uso. Alisimama, akachovya kidole kwenye povu, akanusa, na nikaona rangi ikimtoka.

“Halima. Hiki ni nini?”

“Asali, Shangazi. Ya ukuta.”

“Asali haichemki yenyewe. Kinachochemka chenyewe mimi nakijua.” Alikishika kidole chake mbali na mwili, kama kitu cha mtu mwingine. “Ndani ya nyumba ya ndugu yangu. Juu ya kabati la Msahafu.”

Nilimweleza juu ya mguu. Alisikiliza, akafungua kitambaa, akatazama kidonda kwa muda, na nadhani aliiona ile nyama nyekundu. Lakini hofu yake ilikuwa ya miaka mingi kuliko kidonda chetu. Tangu tulipokuwa madrasani tulifundishwa kwamba asali ni shifa, na ulevi ni mama wa maovu, na hapa vitu hivyo viwili vilikuwa vimekaa katika chupa moja. Hakuimwaga. Kumwaga asali kwake kulikuwa dhambi nyingine. Alifanya alilojua kuwa ni busara. Aliimimina katika sufuria, akaiweka juu ya makaa, akaichemsha polepole mpaka povu lote likaisha, maji yakapaa, na ile harufu chachu ikatoka nje ya dirisha kwenda kwa Nnalongo, ilikotakiwa kuwa. Ilibaki asali nzito, ya rangi ya kahawia, ikivutika kwenye kijiko kama uzi. Ilikuwa nzuri. Ilifanana na asali ya watu. Shangazi alikiinua kijiko, akaitazama ikishuka bila kukatika, akasema, “Sasa hii imetakasika. Mpake.”

Nilimpaka. Zainabu hakuruka safari hii. Alisema, “Dada, hii ni nzuri, haiumi,” na mimi nikashukuru. Khamisi alipewa kijiko katika chai, kikohozi chake kikalainika, akalala vizuri kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze. Kwa hiyo sitasema kwamba kazi ya Shangazi ilikuwa bure. Lakini kidonda kilianza kurudi nyuma. Vipunje vyekundu vikafifia, kingo zikawa za kijivu tena, nzi wakarudi. Harufu ile niliyoijua ikarudi. Asubuhi moja, nilipokuwa nikifuta usaha, niliona chini kabisa kitu kinachong'aa, cheupe, chembamba kama ukucha wa mtoto. Niliita. Shangazi akaja, akapiga magoti. Tulikitazama wote wawili, na Zainabu, aliyekuwa akitazama nyuso zetu na si mguu wake, akauliza, “Mnaona nini?”

Wakati huo Nnalongo alikuwa mlangoni. Alikuja kuazima ungo, na kama kawaida yake hakubisha hodi ila alianza kuongea tangu njiani. Akauona mguu. Akasogea, akanusa sufuria ya asali iliyokuwa kando, akageuka. “Nani alipika hii asari?” Hakuweza kutamka vizuri neno lile hata kidogo, na siku nyingine Khamisi angemwiga. Shangazi akasema yeye ndiye aliyeipika, kwa kuwa ilikuwa imegeuka pombe.

“Hajati, mimi napika pombe tangu sijaota matiti. Pombe mimi najua. Hii nyuki ndogo, asari yake iko hivyo, inachemka, inatoa povu, tangu kwa babu. Nyanya yangu alikuwa anaweka kwa kidonda, hapana kupika. Ukipika inakuwa sukari tu.” Akaangalia mguu wa Zainabu. Sauti yake ikashuka. “Na kama imelewesha, imelewesha nani? Mutoto anakunywa kwa mguu? Huu mguu utalewa, utaamka, utaenda peke yake Kabalagala kucheza dansi?”

Kabalagala hata wakati ule ilijulikana kwa baa zake. Zainabu akacheka. Alikuwa akiufikiria mguu wake ukitembea peke yake barabarani, bila yeye, ukiingia baa. Alicheka mpaka akakohoa. Na Shangazi Mastura, ambaye sikuwahi kuyaona meno yake tangu aje, aliziba mdomo kwa mtandio, mabega yakatikisika, na sikujua kama anacheka au analia mpaka alipouondoa mtandio, nikaona ni vyote viwili. Alikwenda akatawadha. Alisali rakaa mbili ambazo hazikuwa za wakati wowote. Kisha akaja, akakunja mikono ya gauni, akaniambia, “Leta kikombe. Kwenye mguu, ndiyo. Mdomoni hapana, wala kwako wala kwa mtu yeyote. Hilo nitamjibu Mola mimi mwenyewe.”

Tatizo ni kwamba nilikuwa nimekwisha kuvuna. Ubao ulipotoka, vijungu vya mbele vilikuwa vitupu, vimepasuliwa, nyuki wanavikarabati kwa haraka yao ndogo. Asali iliyobaki ilikuwa ndani, nyuma ya ile sehemu ya katikati ambamo nyuki hulea watoto wao. Nilimwambia Shangazi sheria ya mama. Nyuki walikuwa tayari wakimtambaa kwenye nyusi. “Mama yako alikuwa sahihi,” akasema. “Na angekuwa hapa angeingiza mkono huu huu.” Akauingiza. Ulipita kifundo cha kidole gumba, ukapita kifundo cha mkono, na nikasikia ndani ya ukuta mlio mdogo wa nta ikivunjika. Nyuki walimwingia kwenye nywele, puani, hakuwapiga. Alitoa asali kidogo kidogo, iliyochanganyika na nta nyeusi na utomvu, ikanukia chumba kizima, na mimi nikakinga.

Mguu ulipona. Nasema kwa sentensi moja jambo lililochukua msimu mzima wa kiangazi, vipande vyote viwili vya leso ya mama, na subira ambayo sijui ilitoka wapi. Muuguzi yule, nilipompeleka Zainabu tena, aliukandakanda muundi, akauliza nilitumia nini, nikamwambia. Alinitazama, akasema tu, “Endelea, na ukiona homa usingoje, uje.” Kovu lilibaki, pana, linalong'aa, lenye umbo la jani. Lakini kabla hatujafika hapo tulirudi ukutani mara nyingi, na kila mara mkono ulikwenda mbali zaidi. Kuna asubuhi nilitoka nje nikaona nyuki wachache tu kwenye mrija. Kisha mmoja mmoja. Kisha mrija ukakauka, ukavunjika kwa upepo, na ukuta ukabaki ukuta. Khamisi aliweka sikio hapo kila siku, akisema anasikia kitu. Hakuna aliyembishia. Ile harufu ilikaa miezi kadhaa ikipungua, na siku ilipokwisha ndipo mimi mwenyewe nilipoisikia kwa mara ya kwanza, kwa kutokuwepo kwake.

Nimeishi maisha marefu ya kazi tangu hapo. Nimesuka kawa, nimeuza nguo kuukuu sokoni Nakivubo, nimefua, nimepika kwenye harusi za watu. Shangazi tulimzika Bombo. Khamisi anaendesha magari ya mizigo kama baba, na tofauti na baba, anarudi. Zainabu alisoma. Alisoma kwa miguu yote miwili, kupanda vilima vyote vya mji huu, mpaka akafika mahali pa kuvaa koti jeupe katika maabara, na siku moja akaja kwangu amebeba kichupa cha asali ile ile, nyepesi, chachu. Walikuwa wakiipima kazini. Alikaa kitini, akanieleza, nami nikasikiliza huku nasuka, kwa kuwa mikono yangu haijui kukaa bure.

Alisema asali ya nyuki hawa ina maji mengi kuliko ile ya nyuki wakubwa, na ndiyo maana chachu iliyomo ndani huamka, ikala sukari, ikatoa hewa na kusukuma kizibo. Ina asidi nyingi, na vijidudu vingi vya kidonda havipendi mahali pakali. Ina kimeng'enya ambacho nyuki hukitia kutoka mwilini mwao, na asali ikikutana na unyevu wa kidonda, kimeng'enya hicho hutengeneza kidogo kidogo ile dawa inayotoa povu ambayo hospitali huoshea majeraha, haidrojeni peroksaidi. Na kwa kuwa vijungu vyao hujengwa kwa nta na utomvu wa miti, asali hukaa humo ikinyonya vitu vya utomvu ambavyo mti ulijitengenezea ili kujikinga. “Sasa ukiiweka motoni, Dada,” akasema, “kimeng'enya kinakufa. Povu linakwisha, kweli. Lakini dawa nayo inapungua. Inabaki tamu.” Nikamwuliza ingekuwaje kama Shangazi angelijua hilo. Akasema, “Angeichemsha hata hivyo, mara ya kwanza.” Tukacheka. Nikamwambia Nnalongo alikwisha kusema yote hayo akiwa amekuja kuazima ungo. Akatikisa kichwa. Nnalongo, akasema, aliamini pia kwamba inaponya mapepo na upara, na kazi ya maabara ni kujua lipi kati ya hayo ni kweli. Hilo nalo sikuweza kulipinga. Nnalongo aliwahi kumpaka mumewe kichwani, na mume alikwenda kaburini na upara wake.

Nina kisukari sasa. Miguu yangu mimi ndiyo inayokaguliwa kila siku, na anayeikagua ni Zainabu. Anapiga magoti, anavua soksi zangu, anapitisha kidole katikati ya vidole akitafuta jeraha nisilolisikia. Kabalagala, kwenye maduka yenye taa nyingi, wanauza asali ile katika vichupa vidogo vyenye karatasi ya dhahabu, na muuzaji aliniambia inaponya sukari. Nilimwuliza Zainabu. Aliniambia ukweli, kwa upole, kama yule muuguzi. Kwamba ndani yake mna aina ya sukari, trehalulosi, ambayo mwili huivunja polepole, na wataalamu wanaichunguza. Kwamba sukari ya polepole ni sukari bado. Kwamba mtoto asiyetimiza mwaka asipewe asali yoyote, ya nyuki wakubwa wala wadogo. Kwamba kidonda chake, kama kingetokea leo, angekipeleka kliniki siku ile ile na wala asingegusa ukuta. “Sisi hatukuwa na kliniki,” nikamwambia. “Najua,” akasema. “Mlikuwa na ukuta.”

Ukuta wenyewe haupo. Khamisi alijenga nyumba ya matofali mahali pale pale, na wakati wa kupiga lipu nilimwambia fundi aache tundu moja upande wa nyuma, la kuingia kidole cha mtoto. Alidhani nimechanganyikiwa. “Mama, panya wataingia.” Nikamwambia aliache. Limekaa hivyo kwa miaka. Buibui anaishi humo, na mara moja nyigu alijenga akaondoka. Huko nyuma, alikokaa Nnalongo na migomba yake, kuna ghorofa, na sijui nyuki mdogo angetoa wapi utomvu. Kila asubuhi napita, natazama, naendelea na kazi.

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Nimeufikiria usemi huo muda mrefu, nikiwa na mtu mwenye kovu nyumbani kwangu, na sijui kama walimfikiria aliyekuwa akifunga kitambaa. Jioni huwa nakaa kwenye kiti karibu na mlango. Nyumba ina ngazi sasa, za saruji, na watu wengi hupanda. Sihitaji kuangalia. Mwendo wa Khamisi ni mzito, wa kukokota. Wa wanawe ni mbio. Kisha huja mmoja usio na haraka, uliochoka baada ya kazi, kulia na kushoto kwa uzito ule ule, na mimi nausikiliza mpaka ngazi ya mwisho.